Kabla ya Msumeno: Historia ya Kuutazama Mshipa wa Mguu Bila Kuuchoma

Machi 2008, madaktari wa upasuaji wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walianza kuweka kumbukumbu za kila mgonjwa aliyekatwa mguu au mkono hospitalini hapo. Walipofunga kazi Februari 2010, orodha yao ilikuwa na wagonjwa 162. Zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wamekatwa mguu. Watu wengi wakisikia habari ya mguu kukatwa hufikiria kwanza ajali, lakini ajali zilishika nafasi ya pili kwa asilimia 38.4. Walioongoza ni wagonjwa wa madonda ya kisukari, asilimia 41.9, na asilimia nyingine 8.6 walikatwa kwa sababu ya magonjwa ya mishipa ya damu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012 na jopo la wataalamu wakiongozwa na daktari bingwa wa upasuaji, Phillipo Chalya.

Mwaka huohuo wa 2012 ulizaliwa rasmi mkoa wa Simiyu. Wilaya za Bariadi, Maswa, Meatu na Itilima zilimegwa kutoka Shinyanga, Busega ikaletwa kutoka upande wa Mwanza, na Bariadi ikawa makao makuu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya 2022 ilikuta wamefika 2,140,497. Ni mkoa wa pamba na ng'ombe, mkoa ambao watu wake wanaishi kwa miguu yao: kulima, kuchunga, kuchota maji, kupeleka pamba kwenye kituo cha ununuzi. Mgonjwa wa Bariadi anayehitaji daktari bingwa hupanda basi hadi Lamadi, zaidi ya kilomita 70, kisha hushika barabara kuu inayopita Magu hadi Mwanza, na mwisho hupanda kilima cha Bugando. Tangu hospitali hiyo ilipofunguliwa mwaka 1971, Kanda ya Ziwa yote imekuwa ikikipandia kilima hicho na matumaini yake.

Tatizo ni hali anayofika nayo. Wagonjwa wengi wa mguu hufika vidole vikiwa vimeshageuka vyeusi, donda ndugu limeshapanda, na daktari amebakiwa na uamuzi mmoja tu: akate chini ya goti au juu yake. Nyuma ya mguu kama huo, mara nyingi kuna mshipa wa ateri uliokuwa ukiziba taratibu kwa miaka, na hakuna aliyeutazama. Njia za kuutazama zipo. Zimechukua karibu karne mbili kutengenezwa, na zilizo bora kati yake hazihitaji kisu wala sindano ndefu. Historia yake inaonyesha kipimo kipi kinafaa zaidi kwa mtu wa Simiyu, na kwa nini mpangilio wa vipimo hivyo unaweza kuamua kama mguu utabaki.

Habari yenyewe inaanza na farasi. Mwaka 1831, jijini Paris, daktari wa mifugo Jean-François Bouley aliandika habari za farasi jike wa kukokota gari aliyekuwa akitoka vizuri, akienda mwendo mfupi anachechemea, akipumzishwa anapona, akianza tena anachechemea tena. Farasi huyo alipokufa na kupasuliwa, ateri zinazopeleka damu miguu ya nyuma zilikutwa zimeziba. Mwaka 1858 daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza hali hiyohiyo kwa binadamu, mwanajeshi wa zamani ambaye mshipa wake mkubwa wa nyonga ulikuwa umeziba baada ya jeraha la risasi.

Maelezo ya Bouley yangeweza kuandikwa leo kwenye shamba lolote la pamba Itilima. Mzee anashika plau nyuma ya ng'ombe asubuhi akiwa hana tatizo. Baada ya mitaro michache, kigimbi kinaanza kubana, maumivu yanaongezeka mpaka anasimama. Anakaa kwenye kivuli dakika chache, maumivu yanakwisha kabisa. Anarudi kazini, yanarudi naye. Msuli unaofanya kazi unahitaji damu nyingi kuliko msuli uliopumzika, na ateri iliyojengeka mafuta na chokaa ndani haiwezi kupitisha kiasi hicho. Nyumbani watasema ni uzee, au baridi yabisi, na atapakwa dawa ya kuchua. Miaka ikipita, maumivu yanaanza kumwamsha usiku hata akiwa amelala, hasa kwenye vidole, mpaka anauning'iniza mguu kando ya kitanda ili damu ishuke. Kisha siku moja anajikwaa, kidonda kidogo kinatokea kidoleni, na kidonda hicho hakiponi. Hapo ndipo wengi huambiwa kwamba wamekanyaga kitu walichotegewa, na wiki za thamani kubwa hupotea kwa mganga.

Visababishi vyake vinajulikana: sigara na tumbaku, kisukari, shinikizo la damu, mafuta mabaya kwenye damu, figo zilizochoka, na umri. Mwenye kisukari ana hatari ya ziada, kwa sababu neva za miguu yake hufa ganzi. Mshipa unaweza kuziba bila yeye kupata yale maumivu ya kigimbi yanayowashtua wengine.

Hadi mwisho wa karne ya 19, daktari aliyetaka kujua kama damu inafika mguuni alikuwa na vidole vyake tu. Aligusa mgongo wa unyayo na nyuma ya kifundo akitafuta mapigo. Kipimo hicho bado ni cha kwanza hadi leo na hakigharimu hata senti, lakini kina udhaifu wake: mguu ukivimba mapigo hupotea hata kama mshipa ni mzima, na daktari mwenye haraka anaweza kuhisi mapigo ya kidole chake mwenyewe akadhani ni ya mgonjwa.

Novemba 1895 Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei. Miezi miwili tu baadaye, Januari 1896, Haschek na Lindenthal walipiga picha jijini Vienna ya mkono uliokuwa umeshakatwa, mishipa yake ikiwa imejazwa kemikali inayozuia mionzi. Matawi yote ya ateri yakaonekana. Kemikali ile isingeweza kuingizwa kwa mtu aliye hai, kwa hiyo ilichukua karibu miaka 30 kupata dawa ambayo mwili ungeivumilia. Wareno walikuwa miongoni mwa waliofungua njia: Egas Moniz alipiga picha ya mishipa ya ubongo mwaka 1927, na mwaka 1929 Reynaldo dos Santos akaonyesha mshipa mkuu wa tumbo pamoja na mishipa ya miguu kwa kupitisha sindano ndefu mgongoni. Mwaka 1953 Msweden Sven-Ivar Seldinger alieleza njia yenye hatari ndogo zaidi: kuchoma mshipa wa kinena, kupitisha waya, kisha kuteleza mrija laini juu ya waya huo.

Anjiografia ya aina hiyo ikawa hakimu wa mwisho. Ilionyesha kila kona ya mshipa, na kwa miongo mingi vipimo vyote vipya vilipimwa ubora kwa kulinganishwa nayo. Lakini ilikuwa na gharama yake mwilini. Palipochomwa pangeweza kuvuja damu, bonge la damu lingeweza kung'oka na kuziba mbele zaidi, na dawa yenye madini ya ayodini ingeweza kuziumiza figo. Ilihitaji chumba maalumu, daktari aliyefunzwa na kitanda cha kulaza mgonjwa baadaye. Kumfanyia kila mzee anayelalamika kuumwa kigimbi lilikuwa jambo lisilowezekana hata London, sembuse Bariadi.

Ndiyo maana watafiti wengine walirudi kwenye kifaa kilichokuwa tayari katika kila zahanati: mashine ya presha. Mwaka 1950 Mmarekani Travis Winsor alilinganisha presha ya miguu na ya mikono na kuonyesha kwamba mshipa ukiziba, presha chini ya kizibo hushuka. Wazo lilikuwa sahihi, ila kifundo cha mguu hakisikiki vizuri kwa kifaa cha kawaida cha daktari cha kusikilizia. Palihitajika sikio kali zaidi.

Sikio hilo lilitoka kwenye fizikia. Mwaka 1842, jijini Prague, Christian Doppler alieleza kwamba mawimbi hubadilika kadiri chanzo chake kinavyomkaribia au kumwacha msikilizaji. Miaka mitatu baadaye Mholanzi Buys Ballot alilijaribu jambo hilo kwa sauti: aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, akawaweka wanamuziki wenye masikio makini kando ya reli, na kweli noti ilipanda treni ikija na kushuka ikienda. Mtu aliyesimama kando ya barabara ya Lamadi basi likipita huku likipiga honi anasikia mabadiliko hayohayo. Kwenye miaka ya 1950 Mjapani Shigeo Satomura, wa Chuo Kikuu cha Osaka, aliyatumia kwa mwili wa binadamu. Alielekeza mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio kwenye mshipa, yakagonga damu inayotembea, yakarudi yakiwa yamebadilika, na mashine ikayageuza kuwa sauti. Jijini Seattle, Marekani, wahandisi Donald Baker na wenzake pamoja na daktari Eugene Strandness waliigeuza elimu hiyo kuwa kifaa cha wodini. Kisha mwaka 1969, katika Hospitali ya St Mary's London, James Yao na wenzake waliunganisha sikio la dopla na mashine ya presha, wakaonyesha kwamba uwiano wa presha ya kifundo na ya mkono hutenganisha mguu mzima na mguu mgonjwa.

Kipimo hicho kinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu kinaweza kufanyika kwenye chumba chochote chenye kitanda. Mgonjwa analala chali dakika tano hadi kumi ili damu itulie. Muuguzi anapima presha ya mikono yote miwili na kuchukua ile iliyo juu zaidi. Kisha anafunga kitambaa cha mashine ya presha juu kidogo ya kifundo cha mguu, anapaka jeli kwenye mgongo wa unyayo, na kuweka ncha ya dopla, kifaa kidogo cha mkononi chenye umbo la kalamu. Anaisogeza taratibu mpaka sauti itokee. Mshipa mzima hutoa sauti kali yenye hatua mbili au tatu katika kila pigo. Mshipa ulioziba huko juu hutoa mvumo mmoja, mzito na wa polepole, kama upepo unaopita chini ya mlango. Muuguzi anajaza upepo kwenye kitambaa mpaka sauti ipotee, anaufungulia kidogokidogo, na pale sauti inaporudi anasoma namba. Anarudia nyuma ya kifundo, kisha mguu wa pili. Iwapo mkono una 140 na mguu una 84, anagawa 84 kwa 140 na kupata 0.60.

Kwa mtu mwenye mishipa mizima jibu huwa 1.0 au zaidi kidogo. Likiwa 0.90 au chini yake, ateri ya mguu imebanwa. Likizidi 1.40, mshipa umekakamaa kwa chokaa na namba haiaminiki.

Wakati madaktari wa London wakiboresha kusikiliza, huko Portland, jimbo la Oregon, jambo jingine lilikuwa limeshatokea lililobadilisha maana ya vipimo vyote hivi. Tarehe 16 Januari 1964, daktari wa radiolojia Charles Dotter aliletewa mwanamke wa miaka 82 ambaye vidole vya mguu wake wa kushoto vilikuwa vimeanza kuoza. Madaktari wa upasuaji walishauri mguu ukatwe. Mama huyo alikataa. Picha ilionyesha sehemu moja fupi iliyobana kwenye ateri ya paja. Dotter alipitisha waya na mirija inayopanuka kidogokidogo, akaifungua. Mguu ukapata joto, maumivu yakaisha, na mgonjwa akatembea kwa miguu yake miwili zaidi ya miaka miwili iliyofuata hadi alipofariki kwa maradhi mengine. Tangu siku hiyo, kujua mahali hasa mshipa ulipoziba kumekuwa na thamani kubwa, kwa kuwa mahali hapo panaweza kufunguliwa kwa waya na puto au kurukwa kwa kuunganisha mshipa mwingine.

Dopla ya mkononi inasema kwamba kuna kizibo. Haionyeshi kiko wapi, kina urefu gani, wala mishipa ya chini yake iko hali gani. Kwa maswali hayo zilihitajika picha, na njia tatu zisizo za kuchoma ateri zilijitokeza ndani ya miongo mitatu.

Ya kwanza ni utrasaundi yenye dopla ndani yake. Jopo la Seattle liliitangaza mwaka 1974: mashine moja inayoonyesha ukuta wa mshipa na wakati huohuo kupima kasi ya damu. Penye kibano damu hukimbia, na mpimaji huona kasi ikipanda ghafla. Baadaye rangi ziliongezwa kwenye kioo, na mkondo wa damu ukaonekana ukitembea.

Ya pili, CT-Scan, ina mizizi barani Afrika. Mwaka 1956 mwanafizikia Allan Cormack, aliyekuwa akisimamia matumizi ya mionzi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, alianza kujiuliza jinsi ya kukokotoa picha ya ndani ya mwili kutokana na mionzi inayopita pande nyingi. Hesabu zake alizichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Mwingereza Godfrey Hounsfield, bila kuzijua, alitengeneza mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipimwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. CT-Scan za awali zilikuwa za taratibu mno kuweza kufuata mishipa. Zilipoanza kuzunguka mfululizo mwishoni mwa miaka ya 1980, na kupiga vipande vingi kwa mara moja mwishoni mwa miaka ya 1990, mishipa yote kuanzia tumboni hadi unyayoni iliweza kupigwa picha kwa muda mfupi, dawa ya ayodini ikiingizwa kwenye mshipa mdogo wa mkono.

Ya tatu ni MRI, inayotumia sumaku badala ya mionzi. Paul Lauterbur alichapisha picha ya kwanza mwaka 1973, na mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield walipewa Nobel. Katikati ya miaka ya 1990, Martin Prince alionyesha kwamba dawa ya gadolini ikiingizwa mkononi, ateri hung'aa kwenye picha hiyo.

Ipi inashinda? Mwaka 2007 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya tafiti zilizolinganisha njia hizo tatu na anjiografia ya kuchoma. Kipimo cha ushindani kilikuwa uwezo wa kukamata ateri iliyobanwa nusu au zaidi. Kwa wastani wa kati, kati ya vibano 100 vya kweli, MRI yenye dawa ilikamata 95, CT-Scan 91 na utrasaundi 88. Na pale ambapo hapakuwa na kibano, MRI ilisema kweli mara 97 katika 100, utrasaundi mara 96 na CT-Scan mara 91.

Tofauti kati ya 95 na 88 ni ndogo kuliko bei za mashine zinavyoashiria. Tena kwa kutomsingizia mtu ugonjwa asio nao, utrasaundi iliipita CT-Scan. Kila njia ina pengo lake. MRI ni ghali kununua na kutunza, mgonjwa hulala kimya ndani ya mtungi kwa muda mrefu, mwenye vyuma fulani mwilini hawezi kuingia, na tangu 2006 imejulikana kwamba aina fulani za gadolini zinaweza kusababisha ugonjwa mbaya wa kukakamaa ngozi kwa mtu ambaye figo zake zimeshindwa kabisa. CT-Scan ni ya haraka, lakini inatumia mionzi na dawa inayohitaji figo nzuri, na kwenye mishipa myembamba ya chini ya goti chokaa humeremeta kwenye picha hadi kuficha nafasi inayopita damu. Utrasaundi haina mionzi wala dawa, inabebeka, na aina yake nyingine imeshazoeleka kwa kina mama wajawazito. Pengo lake ni mkono wa anayeishika. Kufuata ateri kutoka kinena hadi kifundo kunadai mafunzo, utulivu na muda, na gesi ya tumboni huzuia kuona mishipa ya nyonga.

Hapa historia ya mashine inakutana na historia ya ugonjwa wenyewe nchini Tanzania. Katika miaka ya 1980 Donald McLarty, daktari Mskoti aliyefanya kazi Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na Watanzania wenzake wakiwamo Andrew Swai na Henry Kitange, walipima sukari katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, jirani ya Simiyu ya leo. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1989: kati ya watu wazima zaidi ya 6,000, wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari ya juu kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Umri na namna ya kupima vilitofautiana, lakini mwelekeo hauna shaka. Na sukari inapopanda nchini, miguu hufuata.

Huko Muhimbili, Zulfiqarali Abbas na wenzake walifuatilia wagonjwa 92 wa kisukari waliolazwa na vidonda vya miguu mwishoni mwa miaka ya 1990. Karibu theluthi moja walikatwa kiungo, na wengi walikuwa wamechelewa kufika. Kutokana na uzoefu huo, katika miaka ya 2000 ulianza mpango wa mafunzo uliojulikana kama Step by Step, ukiendeshwa Tanzania na India kwa pamoja. Daktari na muuguzi kutoka hospitali moja walifundishwa wakiwa jozi kukagua mguu, kusafisha kidonda, kutafuta mapigo na kuelimisha wagonjwa, kisha wakarudi kwao kuwafundisha wengine. Nguvu ya mpango huo ilikuwa kwamba haukusubiri mashine kubwa.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Raymond Mwebaze na Davis Kibirige walipima uwiano wa presha ya kifundo na mkono kwa wagonjwa 146 wa kliniki ya kisukari. Walikuta 57, yaani asilimia 39, wana dalili za ateri kuziba. Hao walikuwa watu waliokuja kliniki kwa miguu yao. Hakuna sababu ya kudhani kwamba wagonjwa wa kisukari wa Maswa au wa Nyashimo wilayani Busega wameumbwa tofauti.

Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa kutumia shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kupambana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilitengwa kununulia CT-Scan za hospitali za rufaa za mikoa. Ni hatua kubwa. Mtu aliyepata kiharusi au aliyegongwa na pikipiki anapata picha ya kichwa bila kusafirishwa mamia ya kilomita. Lakini kwa mguu, CT-Scan peke yake haitoshi. Inahitaji dawa ya mishipa, kipimo cha figo kabla ya kuidunga, mpigapicha anayejua kuilenga sekunde damu inapofika mguuni, na daktari wa radiolojia wa kuisoma. Zaidi ya yote inahitaji mtu, kule zahanati, aliyeshuku mapema kwamba mguu huu una shida ya damu.

Kazi ya kushuku ndiyo iliyo nafuu kuliko zote na ndiyo inayokosekana zaidi. Kwa mwenye kisukari ina mtego mmoja. Mwaka 1903 Mjerumani Johann Mönckeberg alieleza ugonjwa wa chokaa kwenye ukuta wa kati wa ateri, na mwenye kisukari cha muda mrefu ana nao mara nyingi. Mshipa uliokakamaa haubanwi na kitambaa cha presha, kwa hiyo kifundo kinaweza kutoa 1.1 yenye kupendeza huku vidole vikifa njaa ya damu. Mishipa ya kidole gumba huepuka chokaa hiyo kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana presha hupimwa pia kidoleni kwa kitambaa kidogo; uwiano ulio chini ya 0.70 ni dalili mbaya. Mwaka 2023 jopo la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari, pamoja na vyama vya madaktari wa mishipa wa Ulaya na Marekani, lilitoa mwongozo wa pamoja: mwenye kisukari na kidonda mguuni asikilizwe sauti za dopla, apimwe kifundo na apimwe kidole, kwa sababu kipimo kimoja peke yake hakitoshi kumwondolea shaka.

Kwa Simiyu, yote hayo yanatoa mpangilio unaotekelezeka. Zahanati ivue viatu vya kila mwenye kisukari, kila mvutaji na kila mzee anayesimamishwa na kigimbi, na itafute mapigo kwa vidole. Vituo vya afya na hospitali za Mwanhuzi wilayani Meatu, Maswa na Nyashimo viwe na dopla ya mkononi na muuguzi mmoja aliyefunzwa kuitumia bila haraka. Bariadi, kwenye hospitali ya mkoa, wawepo angalau wapimaji wawili wa utrasaundi wanaoweza kuifuata ateri kutoka kinena hadi unyayoni, na CT-Scan itumike pale daktari anapohitaji ramani kamili kabla ya upasuaji, figo zikiruhusu. MRI ibaki kwa wachache ambao ngazi hizo hazikutoa jibu kwao. Wakati huohuo mgonjwa aanzishiwe dawa za mafuta na za kuzuia damu kuganda kama daktari atakavyoona, aache sigara, na mwenye maumivu ya kutembea bila kidonda afundishwe mazoezi ya kutembea, ambayo ni tiba iliyothibitishwa.

Na mgonjwa wa Meatu mwenye kisukari na kidonda mguuni ambaye presha ya kidole chake imesoma chini ya 30, au ya kifundo chini ya 50, anahesabiwa kuwa dharura. Mwongozo wa 2023 unataka aonwe haraka na mtaalamu wa mishipa na apigwe picha haraka. Apande gari la Mwanza akiwa na karatasi yenye namba hizo na majibu ya utrasaundi, ili daktari atakayempokea aanze kwa kuuliza kama mshipa unaweza kufunguliwa.